Mama Sange Alivyompumzisha Kiboko

Paukwa bwawa!
— Pakawa maji!
Maji ya nani?
— Ya mwenye kiu!
Na anayekunywa?
— Mwenye tumbo!

Haya, sogeeni. Kombo, nguzo hiyo inasimama yenyewe, haijakuomba uishikilie. Sikudhani, hizo kunde tunamenya huku tunasikiliza, mikono haina masikio. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Zamani, zamani hizo wanyama wakisema na watu wakisikiliza, palikuwa na bwawa moja tu katika nchi nzima ya nyika. Masika lilijaa, kiangazi likapungua. Na kila kiangazi wanyama walichagua mlinzi wa bwawa, wa kusema nani anywe wapi, nani aanze, nani angoje.

Sasa, msiniulize habari za masanduku ya kura. Wao walipiga kura kwa miguu. Anayetaka ulinzi anakwenda kusimama kwenye uwanja wa changarawe, juu ya kingo. Anayemtaka anakwenda kusimama nyuma yake. Jua likifika utosini mstari unafungwa, na mwenye mstari mrefu ndiye mlinzi. Basi, rahisi, hata wewe Kombo ungeweza. Msimamizi alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na uso wa kukasirika, aliyezishika sheria kuliko alivyoshika samaki.

Na mlinzi nani? Mlinzi alikuwa Kiboko. Mwaka huu Kiboko, mwaka jana Kiboko, mwaka juzi Kiboko, na kabla yake baba yake Kiboko, naye akiitwa Kiboko. Alikuwa na mwili mnene, mdomo mpana na tumbo ambalo hata yeye mwenyewe hakujua linaishia wapi. Akilala majini, bwaaa! maji yanapanda. Akitoka, fyooo! yanashuka. Alikunywa pazuri, akaoga pazuri, na mambo mengine ambayo sitayataja mbele ya kunde aliyafanya palepale pazuri.

Lakini alishindaje kila mwaka? Hapo ndipo penye utamu. Kiboko aliweka sheria moja, fupi kama mkia wake: asiyefika uwanjani, kura yake imekwenda kwa aliyefika. Akishaiweka, hakuhangaika kuomba kura. Yeye alipita kwa wanyama siku moja kabla ya uchaguzi, akiwasihi wasijisumbue.

"Ndugu yangu, jua kali. Pumzika."

"Shemeji, safari ndefu. Pumzika."

"Mama, una watoto. Pumzika."

Nao wakapumzika. Asubuhi ya kura Kiboko alitoka bwawani, hatua chache tu, akasimama uwanjani peke yake, akangoja jua lifike utosini. Korongo akatangaza, "Kiboko amepita kwa kura zote!" Kiboko akarudi majini. Bwaaa!

Sasa, mwaka tunaousema kiangazi kilikuwa kikali. Bwawa likarudi nyuma, tope likatokeza, pakabaki kina cha katikati na jicho la maji moja pembeni kabisa, chini ya matete. Maji yake yalikuwa safi, baridi, yanatoka taratibu kwenye mchanga. Hapo ndipo wanyama wadogo walipokunywa, kwa sababu huko kwenye kina wangezama au wangekanyagwa.

Na hapo ndipo alipokuwa akinywa Mama Sange.

Mnamjua Sange? Ni mnyama wa kukaa kiganjani, wengine humdhani panya, naye hapendi. Ana miguu myembamba na pua ndefu isiyotulia, inanusa huku, inanusa kule. Akitembea unasikia tipu, tipu, tipu. Mama Sange alikuwa amejifungua mapacha, wangali hawajafungua macho sawasawa. Asingeweza kuhama nao. Maji yakikauka, maziwa nayo yanakauka, na maziwa yakikauka hakuna mapacha tena. Ndivyo ilivyokuwa, sina haja ya kuwapambia.

Basi siku hiyo yumo mateteni anakunywa, akamsikia Kiboko anajisemea, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kwamba hakuna anayesikia.

"Hooo! Maji ya kule yamekuwa moto. Nikishapita kesho nahamia hapa kwenye jicho la maji. Nitalala hapa, tumbo litaziba pote, baridi itaniingia vizuri. Hawa wadogo watajua pa kwenda."

Mama Sange akaacha kunywa. Alipotoka pale, tipu tipu tipu, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyumbu.

"Nyumbu, kaka yangu, kesho kura. Twende tukasimame."

"Kura?" Nyumbu akacheua. "Dada, sisi tuko wengi mno. Nikienda mmoja, nisipokwenda mmoja, nani atajua? Wenzangu wataenda."

"Wenzako wapi?"

"Hao."

Mama Sange akamfuata wa pili. "Wenzangu wataenda." Akamfuata wa tatu. "Wenzangu wataenda." Uwanda mzima wa nyumbu, kila mmoja anamwonyesha wa pembeni kwa pembe, na wa mwisho kabisa akamwonyesha wa kwanza.

Akaenda, tipu tipu tipu, hadi kwa Kobe.

"Kobe, babu, shikamoo. Kesho kura. Twende tukasimame."

"Marahaba, mjukuu. Mimi kura naipenda. Lakini nikifika huwa wenzangu wameshamaliza na kutawanyika. Kila mwaka nakuta uwanja mtupu."

"Babu, uwanja ni mtupu kwa sababu hakuna aliyekwenda!"

Kobe akafikiri. Akafikiri tena. "Basi kama hakuna anayekwenda," akasema, "mimi nikafanye nini huko?" Akaingiza kichwa ndani, tup, akafunga duka.

Akaenda, tipu tipu tipu, hadi kwa Nyani.

Sasa Nyani jamani, Nyani ndiye aliyekuwa bingwa wa kumsema Kiboko. Kutoka alfajiri hadi machweo yuko juu ya mgunga wake anamsema. Kiboko mlafi! Kiboko mchafu! Kiboko kaharibu nchi! Mama Sange akafurahi, akajua huyu wangu.

"Nyani, kesho kura. Twende tukamtoe."

"Kumtoa nani?"

"Kiboko!"

"Ili aingie nani?" Nyani akajikuna. "Wote ni walewale, dada. Mimi kura sipigi, mchezo mchafu ule. Mimi nasema ukweli tu."

"Ukiwa juu ya mti?"

"Huku ukweli unasikika mbali." Akageuka, akaendelea. "Kiboko mwizi! Kiboko hana haya!"

Akaenda, tipu tipu tipu, hadi kwa Tembo. Akapaza sauti yake yote, maana sikio la Tembo ni kubwa lakini liko juu.

"Mzee Tembo! Kesho kura! Twende tukasimame!"

Tembo akatazama chini, akatazama tena, akamwona.

"Nikisimama mimi, ni kura ngapi?"

"Moja, Mzee."

"Na ukisimama wewe?"

"Moja, Mzee."

Tembo akashusha masikio. Ukamwona ameumia kwelikweli. "Mimi moja na wewe moja," akasema. "Huo uchaguzi au matusi? Nenda, mwanangu. Siku watakapopima kura kwa uzito, mniite."

Unacheka, Sikudhani? Mama Sange hakucheka. Alirudi kwenye kichaka chake amechoka, pua imelala. Mapacha wakamnyonya, wakalala, yeye akabaki ameketi anawatazama. Alilia kidogo, nisiwafiche. Amewaomba wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja alikuwa na sababu.

Kisha akaacha kulia. Akaanza kuzigeuzageuza zile sababu kichwani mwake kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mbona zilikuwa nzuri! Mbona zilikuwa tamu! Sababu zilizomlaza Tembo mzima na pembe zake, zitashindwa kumlaza nani?

Pua ikasimama.

Kulipokucha, kabla Kiboko hajajinyanyua kwenda uwanjani, Mama Sange yuko kwenye kingo.

"Shikamoo, Mzee Kiboko!"

"Hooo! Marahaba, kapua. Umekuja kuomba nini?"

"Sikuja kuomba, Mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Pole ya kwenda kusimama juani. Mimi huwa nakuona, Mzee, kila mwaka. Ngozi yako laini vile, inakauka, inapasuka, na wewe umesimama kwenye changarawe. Nikasema, jamani, mtu mkubwa kama huyu hana hata wa kumsimamia?"

Kiboko akatoa masikio majini. "Ninao! Nchi nzima ni watu wangu."

"Ndiyo nikashangaa. Mwenye watu anakwendaje mwenyewe? Wenzako si wataenda?"

"Wataenda," akasema Kiboko. "Bila shaka wataenda."

"Tena kura yako ukisimama ni moja, Mzee. Na mimi nikisimama ni moja. Ukubwa wote huo, halafu moja na moja, mimi na wewe sawa. Mimi mwenyewe naona aibu kwa niaba yako."

Kiboko akavuta pumzi, fuuuh! mapovu yakaruka. Hilo hakuwahi kulifikiria, na lilimchoma.

"Na kwani mshindi hajulikani?" Mama Sange akaendelea, taratibu, sauti ya asali. "Nani mwingine yupo? Si ni wewe tu, jana wewe, kesho wewe. Ukienda ni wewe, usipokwenda ni wewe."

"Ni mimi," akasema Kiboko.

"Lakini nenda tu, Mzee, usinisikilize mimi. Nisingekusumbua, ila nimepita kule ng'ambo nikaona matete yamechipua. Mabichi, yanadondoka maji. Nikasema, leo asubuhi wote wakiwa mstarini, mwenye bahati atayala peke yake. Haya, kwaheri, wacha niwahi."

Akageuka. Tipu, tipu.

"Kapua!"

"Naam, Mzee."

"Matete yapi?"

"Yale ya kule mbali, penye kona. Lakini utachelewa kura."

"Watu wangu watanisimamia," akasema Kiboko. Akageuza lile tumbo, bwaaa! akaogelea kwenda ng'ambo bila kutazama nyuma.

Huko matete yalikuwepo kweli, Mama Sange hakusema uongo hata kidogo, ndiyo maana alikuwa hatari. Kiboko akala. Kafu, kafu, kafu. Akala ya mbele, akala ya nyuma, akala na mizizi. Tumbo likajaa, tope la pale ni laini, akajilaza kidogo tu ateremshe chakula. Khoroo! Khoroo!

Huku uwanjani Korongo amesimama kwa mguu mmoja. Akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Akatazama chini, akaona pua.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Nagombea."

Korongo akashusha mguu wa pili. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kusikia neno hilo kwa mwingine asiye Kiboko.

"Mstari wako uko wapi?"

"Mstari ni mimi. Mimi nimesimama, na ninajiunga mkono."

"Na nyuma yako?"

"Kivuli."

Korongo akaitafuta sheria ya kumfukuza, hakuipata. Wakangoja. Jua likapanda. Kivuli cha Mama Sange kikaanza kufupika. Kikawa kama kijiti, kikawa kama ukucha. Naye ananusa huku na kule, maana hajui Kiboko amelala au anakuja, na mapacha wako kichakani hawajanyonya tangu alfajiri. Akawa anajiimbia, apate kusimama:

*Tipu tipu nimefika,*
*miguu yangu midogo.*
*Aliye mkubwa yu wapi?*
*Mkubwa yuko na shibe.*

Imbeni na nyinyi. *Mkubwa yuko na shibe!* Haya, inatosha, mmeimba vibaya.

Ghafla ng'ambo ya pili, ile shibe ikamgeuka Kiboko tumboni, akaamka. Akatazama jua. Liko wapi? Karibu utosini! Uwanjani, anaona nini? Hakuna mtu! Watu wake wako wapi? Hakuna hata nyumbu mmoja!

Kiboko akaruka majini. Bwaa! bwaa! bwaa! Akakata bwawa katikati, wimbi likapanda kingo, akatoka na tope hadi machoni, akapanda changarawe anahema. Gudu! gudu! gudu! ardhi inatikisika, Mama Sange anarushwa juu kama punje kwenye ungo, lakini kila akirushwa anatua palepale kwenye nafasi yake.

"Nimefikaaa!" akanguruma Kiboko.

Korongo alikuwa akitazama kivuli cha Mama Sange. Kilikuwa kimeingia chini ya miguu yake, hakionekani tena.

"Mstari umefungwa," akasema Korongo. "Mama Sange amepita kwa kura zote."

Hata Nyani juu ya mgunga akalisahau tusi lake katikati.

"Kura zote zipi?" Kiboko akatoa macho. "Mimi sijampigia huyu!"

"Umempigia, Mzee. Hukufika."

"Sheria gani hiyo ya kipumbavu? Nani aliitunga?"

"Wewe, Mzee."

"Basi naifuta! Ni batili!"

Korongo akainamisha shingo, kwa heshima yote. "Sawa, Mzee. Lakini ikiwa batili leo, ilikuwa batili na miaka yote. Itabidi maji yote uliyokunywa miaka hiyo uyarudishe bwawani. Utaanza saa ngapi?"

Kiboko akafungua mdomo. Mdomo ule ungeweza kummeza Korongo na miguu yake na Mama Sange kama kitoweo juu yake, na Mama Sange alilijua hilo, akafumba macho. Lakini Kiboko alitazama bwawa, akatazama tumbo lake, akajaribu kukadiria, kichwa kikamuuma. Akafunga mdomo, akateremka kwenye maji ya moto, taratibu, akazama hadi puani. Na mpaka leo ukimwona kiboko amejificha majini, amebakiza macho tu, anawatazama watu, hiyo ni aibu.

Mama Sange akakimbia kichakani. Mapacha wako hai, wanalia. Akawanyonyesha, akawabeba mmojammoja hadi mateteni, wakaguswa na maji ya jicho la maji kwa mara ya kwanza maishani mwao. Nami nawaambia nilifurahi, ingawa sikuwepo.

Jioni wanyama wakaja kunywa. Wakakuta amri mpya: jicho la maji ni la wadogo, wakubwa wanywe upande wa pili, na waanze wadogo kwanza. Tembo atakuwa wa mwisho, maana akinywa yeye hapabaki kitu.

Tembo akasimama hapo na kiu yake. "Nani kamchagua huyu?"

"Wewe," akasema Mama Sange.

"Mimi? Mimi nilikuwa nimelala!"

"Ndivyo ulivyonichagua, Mzee. Asante sana."

Nyumbu wakatazamana. "Kwani wewe hukwenda?" "Nilijua wewe utakwenda!" Wakagombana mpaka wakasahau kunywa. Kobe alikuwa njiani, aliamua kwenda kupiga kura baada ya kufikiri sana. Alifika keshokutwa yake, akakuta uwanja mtupu. Na Nyani? Nyani alishapanda mgunga wake, amejikohoza. "Sange mlafi! Sange kaharibu nchi! Afadhali ya Kiboko!"

Wakaapa wote, kwa kelele, vumbi linatimka, kwamba mwaka ujao hakuna atakayebaki nyumbani. Wakaenda zao, na kabla vumbi halijatua nusu yao walikuwa wanakoroma.

Bwawani akabaki Korongo na Mama Sange.

"Mama," Korongo akasema, "hii sheria ya asiyefika. Imetutesa sana. Umewashinda kwa hiyo, sasa unaweza kuiondoa. Tuifute?"

Mama Sange akatazama mapacha wake wanaolala na matumbo mviringo. Akatazama jicho la maji, safi, baridi, linatoka taratibu. Akatazama ule uwanda wa nyumbu waliolala, kila mmoja kamwegemea mwenzake. Pua ikacheza kidogo, huku, na kule.

"Iache kwanza," akasema.

Unasemaje, Kombo? Kwamba si haki? Ulitaka amwambie nini, na wewe siku ya kura ulikuwa wapi? Nilikuona, ulikuwa hapo hapo kwenye nguzo.

Basi funzo la hadithi yetu, lishikeni vizuri mkawafundishe na wengine: siku ya kura, jamani, laleni. Jifunikeni gubigubi. Kura moja haina maana yoyote, mkimwona Kiboko muulizeni. Na kama mnaona uchungu kukaa tu, pandeni juu ya mti mseme ukweli. Wenzenu wataenda.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ambao imewakolea waende nayo kwao. Ambao imewakwama kooni wakaiteme mbali, kibaraza changu nimeshakifagia. Sikudhani, lete hizo kunde, chungu kinachemka.